Msaada: mawimbi yamenishinda kwenye safu ya nanotyubu za kaboni

Mwana_Busia: Wakuu, shikamooni. Niko hapa Wandegeya, Kampala, na tasnifu inayonikosesha usingizi: mawimbi ya sumakuumeme yanavyopita kwenye safu ya nanotyubu, yaani mirija ya kaboni yenye unene wa nanomita tu. Nimechora kila tyubu kama waya wa shaba wa maikromita 10. Kompyuta imehangaika siku mbili, memori ikajaa, ikazima. Nikajaribu tyubu moja, resonansi (masafa ambayo tyubu inaitikia wimbi kwa nguvu zaidi) ikatoka terahezi 15. Makala zote zinataja chini ya 1! Msimamizi kasema tu "rudia".

Fundi_Redio: Shaba ndiyo imekuponza. Tyubu ya ukuta mmoja ina njia chache mno za elektroni, kwa hiyo uzito wa elektroni zenyewe unageuka indaktansi (ukaidi wa mkondo kubadilika) kubwa kuliko ile ya sumaku. Wimbi linatambaa, mara 50 hadi 100 polepole kuliko mwanga. Gawa 15 yako kwa 50: terahezi 0.3. Usisahau ukinzani. Tyubu moja ya kimetali haishuki chini ya kiloomu 6.45, na kwa urefu huo inapanda mno, kwa hiyo kilele chako cha resonansi kitakuwa butu.

Mwana_Busia: Asante mzee. Na kwenye safu, wimbi linapenya katikati ya tyubu kama mtumbwi kwenye mafunjo?

Nyanja_Jinja: Si hivyo, ssebo. Mtumbwi ni mdogo, unachagua pa kupita. Wimbi la terahezi 1 lina urefu wa maikromita 300, tyubu zako zimeachana kwa nanomita. Wimbi halioni shina la funjo, linaona kinamasi kizima. Acha kuchora tyubu mojamoja, ndiyo maana memori inajaa. Ipe safu nzima pemitiviti (namba ya jinsi kitu kinavyoitikia uwanja wa umeme) mbili: ya kufuata tyubu na ya kuzikata. Uwanja wa umeme wa wimbi ukilala sambamba na tyubu, wimbi linamezwa. Ukizikata, linapita karibu bila kuguswa. Zungusha sampuli digrii 90 utaona.

Fundi_Redio: Nyongeza: ile 50 ya kugawa ni ya tyubu iliyo peke yake. Zikishikamana kuwa fungu zinagawana indaktansi, mwendo unapanda.

Mwana_Busia: Nimebadilisha, imemaliza kwa dakika nne! Ila umezaji umezidi vipimo vya maabara karibu mara tatu.

Nyanja_Jinja: Tyubu zimechanganyika? Kwa kawaida theluthi moja tu ndiyo ya kimetali, zilizobaki ni semikondakta, hazipitishi umeme kama metali. Ulihesabu zipi kuwa za kimetali?

Mwana_Busia: Zote. Ngoja nirudi mezani.