Nina 240,000 za kutangaza biashara ya dau mwaka mzima: nizitie wapi?

DauLaTudor
Assalam alaykum jamani. Nina biashara ndogo ya utalii hapa Mombasa, huu mwaka wa tatu. Dau moja linaloingia hori ya Tudor (mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi kavu) jioni kutazama mikoko, na matembezi ya miguu Mji wa Kale yanayoanzia mlangoni mwa Fort Jesus. Tuko watu wanne. Mwaka jana nilitangaza ovyo: zikipita siku mbili bila mgeni, naweka tangazo Facebook. Mwaka ulipoisha sikujua shilingi gani imeleta nani. Safari hii nimetenga 240,000 na nataka mpango wa miezi 12.

Nalinganisha njia tatu. Kwanza mitandao ya kuuza safari, kama GetYourGuide na Viator, ambayo hukata chao mgeni akishanunua, kama robo ya bei. Pili, matangazo ya kulipia Facebook na Instagram. Tatu, mahoteli ya Nyali na Bamburi, kumpa mtu wa mapokezi chochote kila aletapo mgeni. Nyinyi mlio ndani ya kazi hii, ipi itangulie?

Mtembezi_NdiaKuu
Waalaykum salaam ndugu. Mimi ni mtembeza wageni, na robo ile iliniuma mpaka nilipokaa nikapiga hesabu. Bei yangu kwa mgeni mmoja ni 3,000. Mtandao ukichukua 750, nabaki na 2,250. Sasa tangazo: nilitia 18,000 kwa wiki mbili, wakaja watu watano. Kila mmoja amenigharimu 3,600, zaidi ya alicholipa! Kwa hiyo mtandao ndio uliokuwa rahisi, na mimi nilikuwa naulalamikia.

Lakini jua mambo mawili. Pesa haziji siku ile ile, na mafuta na vyakula vyataka pesa taslimu. Tena bila maoni ya wageni unakaa chini kabisa ya orodha, huonekani. Maoni ishirini ya kwanza huchukua miezi, kwa hiyo usingoje Desemba ndipo ujisajili.

Na jina la safari lisiwe jina la biashara yako. Mgeni aliye Ujerumani hakujui. Anatafuta Fort Jesus, ngome ya Wareno ya 1593 hadi 1596, iliyo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2011. Anza na hilo, jina lako lifuate.

BintiKibokoni
Kaka, hapo kwenye "ipi itangulie" ndipo ninapotofautiana nanyi. Uliza ipi kwa mwezi gani, kwa sababu wageni wetu ni makundi mbalimbali na kila kundi lina wakati wake wa kuamua.

Mzungu wa Julai na Agosti, na yule wa Desemba, amepanga miezi nyuma. Huyo ni wa mtandao. Familia ya Nairobi inaamua wiki mbili kabla shule hazijafungwa, pengine siku tatu. Wanashuka kwenye treni Miritini wakiwa na simu mkononi wanaulizana waende wapi. Huyo ni wa Instagram na Whatsapp, na tangazo la kulipia kwake lina maana, likitoka wiki mbili kabla ya likizo za Aprili, Agosti na Novemba. Likitoka siku nyingine yoyote ni pesa baharini.

Halafu tazama upepo. Kusi likivuma, kuanzia Juni mpaka Agosti, bahari ya nje huchafuka na wengi wa kupeleka wageni mwambani hukosa kazi. Hori ya Tudor imekingwa. Ndani maji yametulia wakati nje kuna mawimbi. Una bidhaa ambayo wenzako hawana miezi hiyo, na katika maelezo yako yote sijaona ukiitaja! Andika waziwazi: kusi likivuma, sisi tunasafiri.

Masika, Aprili na Mei, usitangaze dau. Lipandishe pwani, lipigwe kalafati (kuzibwa nyufa) na kupakwa sifa, yale mafuta ya papa, na matembezi ya miguu yaendelee, mvua yenyewe hainyeshi kutwa.

Na Ramadhani uiweke kwenye kalenda kila mwaka upya, maana hurudi nyuma siku kumi na moja hivi. Safari ya magharibi inagongana na futari na mabaharia wako wamefunga. Mimi mwezi huo nauza matembezi ya usiku baada ya tarawehe. Mji wa Kale uko macho, viazi karai vinakaangwa, kahawa inapita. Wageni wamenisifia hiyo kuliko safari yoyote.

Mapokezi_Nyali
Nasema kwa hiyo njia ya tatu, kwa sababu mimi nimo upande wa pili wa kaunta. Tafadhali usimpe mtu wa mapokezi pesa mkononi kwa siri. Hoteli nyingi zinakataza, na akikamatwa anafukuzwa yeye, si wewe. Mwendee meneja ukiwa na leseni ya mamlaka ya utalii, karatasi ya bima, na picha ya jaketi za kujiokolea zikiwa zimevaliwa. Omba mkataba wa asilimia, uandikwe. Wakati wake ni Mei, tukiwa na nafasi. Ukija Desemba hakuna atakayekusikiliza.

Jambo jingine, utupandishe sisi wafanyakazi kwenye dau bure siku moja. Siwezi kumsifia mgeni kitu sijakiona. Na simu yako ishikwe! Mgeni akisimama mbele yangu nami napiga hupokei, nampeleka kwa mwingine, na huyo mwingine ndiye nitakayempigia kesho.

DauLaTudor
Shukran sana, hasa dada wa Kibokoni. Kweli hiyo ya kusi sikuwahi kuifikiria kama bidhaa. Nimekaa na wenzangu jana usiku tukagawa hivi:

60,000 picha na video, zipigwe Februari upepo wa kaskazi ungalipo na maji ni safi, pamoja na kurekebisha ukurasa wetu wa Google. 40,000 mahoteli, Mei na Juni, ikiwemo safari mbili za bure za wafanyakazi. Matangazo ya kulipia 90,000: ishirini kwa Pasaka kutangaza matembezi tu, thelathini mwishoni mwa Julai, arobaini kuanzia Oktoba kwa ajili ya Desemba. Iliyobaki, 50,000, haiguswi mpaka Septemba, nione njia ipi imeleta watu. Mitandao ya safari tunajisajili mwezi huu, na bei ya kiti tumeipandisha ili robo yao isitumalize.

Na nimenunua daftari. Kila mgeni ataulizwa ametusikia wapi kabla hajavua viatu.

Mtembezi_NdiaKuu
Mpango mzuri. Nikuongezee moja: andika wazi kama tiketi ya kuingia Fort Jesus imo kwenye bei yako au haimo. Maoni mabaya mawili niliyowahi kupewa yote yalitoka mlangoni pale.

BintiKibokoni
Na daftari ashike mmoja tu. Likishikwa na wanne halitaandikwa na yeyote.