Redio tambuzi: vipokezi 5 vinashirikiana, mbona chaneli tupu inaonekana ina mtu?

chaneli38: Wakuu, naunda mtandao mdogo wa redio tambuzi, yaani redio zinazosikiliza kwanza kisha kuazima chaneli za TV zisizotumika kwenye UHF (masafa ya TV). Vipokezi 5 vinapima nishati, kila kimoja kinatuma 1 au 0 kituo kikuu. Kikiwa peke yake, kipokezi humgundua mwenye leseni (mwenye chaneli yake) mara 60 kwa 100. Kengele ya uongo, yaani kusema "yupo" wakati chaneli ni tupu, ni 10 kwa 100. Kanuni ni AU: mmoja akisema "yupo", wote kimya. Sasa chaneli tupu kabisa inatangazwa ina mtu karibu nusu ya muda. Vifaa vibovu?

Desibeli: Hesabu tu hiyo, mkuu. Uwezekano wa wote watano kunyamaza ni 0.9 kwa kipeo cha 5, yaani 0.59, hivyo kengele ya uongo inafika 41%. Ugunduzi nao umepanda hadi 99%. Ukikimbilia kura za wengi, 3 kati ya 5, kengele inashuka chini ya 1% lakini ugunduzi unabaki 68%, na hapo unamvurugia mwenye chaneli. Weka 2 kati ya 5: ugunduzi 91%, kengele 8%. IEEE 802.22, kiwango cha mitandao ya kuazima chaneli za TV, inataka ugunduzi 90% na kengele 10%.

mlingoti: Hesabu ya Desibeli inasimama iwapo makosa ya vipokezi hayategemeani. Umevifunga wapi?

chaneli38: Vitatu viko paa moja. Ni RTL-SDR (vipokezi vidogo vya USB), AGC (ukuzaji unaojirekebisha wenyewe) imewashwa.

mlingoti: Basi hao watatu ni shahidi mmoja aliyevaa kofia tatu. Jengo likimziba mmoja, limewaziba wote. Wasambaze mitaa tofauti.

Desibeli: Na AGC izime leo leo! Ikijipandisha, kelele inapanda nayo, kizingiti chako, kile kiwango cha nishati cha kusema "yupo", kinakosa maana. Funga ukuzaji kwenye kiwango kimoja, acha kifaa kipate joto, chomoa antena, weka mzigo wa omu 50 (kinzani badala ya antena), pima kelele, ndipo ukokotoe kizingiti. Kila kipokezi na chake, usinakili. Ukikosea kelele kwa desibeli 1 tu juu au chini, ishara iliyo takriban desibeli 3 chini ya kelele huigundui hata upime kutwa.

mlingoti: Jambo jingine: RTL-SDR inaona kama MHz 2.4 kwa mara moja, chaneli ni MHz 8. TV ya dijitali imejaa chaneli nzima, haina shida. Maikrofoni isiyo na waya hujibana kwenye kHz 200 pembeni, utaipita. Pima madirisha manne ya MHz 2.4 yanayopandana kidogo, na uruke ule mwiba wa nishati wa katikati ya kila dirisha. Huo ni wa kifaa chenyewe.