Mrejesho: kutafuta rangi kwenye kamera ya PXL-2000

Wakuu, niliuliza kama kamera ya kuchezea ya PXL-2000, ile ya mwaka 1987 inayorekodi video nyeusi na nyeupe kwenye kaseti ya muziki, inaweza kutoa rangi. Asanteni sana.

Mlionizuia kuifungua mlikuwa sahihi. Kaseti tayari inakimbizwa mno ili ibebe picha 15 tu kwa sekunde. Rangi haina pa kukaa, na sakiti mpya ingenigharimu kuliko kununua kamera ya rangi.

Nikafuata ushauri wenu wa vichujio (vioo vya rangi vinavyowekwa mbele ya lenzi): nimerekodi maua yaleyale mara tatu, kwa kichujio chekundu, kijani na bluu, nikaunganisha kwenye kompyuta. Rangi zimetoka, nimefurahi mno! Bluu ilihitaji taa zaidi. Kinachosogea kimeshindikana kabisa, kinaacha vivuli vya rangi tatu.