Eti "shida si imbwa, shida ni weye." MBELE YA MAMA MKWE WANGU!!!

Papa_Mapacha_Lushi

Naandika mikono ikitetemeka. Chai imepoa hapa mezani, sitaki hata kuiangalia.

Ninyi wa Lubumbashi nyote mnamjua huyo mtu. Sitaji jina, sina haja. Yule wa kofia ya ngozi hata jua liwake vipi, gari lake linanukia shampuu kutoka Bel-Air mpaka Golf, anayeleta watoto wa mbwa kutoka Afrika Kusini kupitia Kasumbalesa. Akipita barabarani, mbwa wote wanasimama kama askari wamemwona jenerali. Huyo huyo. Leo amenitukana nyumbani kwangu, juu ya kiti changu, akinywa munkoyo wangu. Mbele ya mama mkwe.

Mimi nilitaka tu labradudu, yule mbwa wa labrado aliyechanganywa na kanishi, mbwa wa nywele za kusokota. Mke wangu akikaribia mbwa wa jirani anapiga chafya mpaka masufuria yanalia kabatini, na mimi nimesikia kwamba hao waliochanganywa na kanishi hawapukutishi manyoya. Watoto wanataka mbwa. Pesa nimeweka tangu Krismasi. Kwingine kote duniani mtu akiwa na pesa na hamu, anauziwa. Huyu hapana. Huyu anakuja kwanza "kukagua nyumba." Na daftari! Hata nilipopeleka mahari hawakunikagua vile.

Anauliza: nani atamchana? Nikamjibu kiungwana kwamba mbwa wa marehemu baba, kule komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, alichanwa na mvua, na aliishi vizuri. Akatoa kitana cha chuma mfukoni. MFUKONI. Mtu mzima anatembea na kitana cha mbwa. Akaanza kunifundisha: kila siku, tena mpaka kwenye ngozi, si juu juu; nyuma ya masikio, kwapani, chini ya mkanda wa shingo, maana nywele zake hazianguki, zinabaki humo humo na kusokotana hadi zinakuwa kama jamvi. Halafu anyolewe kila wiki sita au nane, maisha yake yote. Anaweza kuishi miaka 12 hata 15. Nikapiga hesabu kichwani: huyo mbwa atanyolewa karibu mara mia moja. Mimi siku ya arusi yangu nilinyolewa na shemeji, kwa mkasi wa kukatia kitenge.

Anauliza: nyumba inabaki tupu saa ngapi? Nikasema saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, sisi ni wafanyakazi. Akaandika kitu kirefu sana. Eti huyu hapendi kuachwa peke yake, atalia, atatafuna mlango. Nikasema hata mimi nikiachwa peke yangu nalia. Hakucheka.

Anauliza: mnapandisha sauti hapa nyumbani? Nikamwambia hapana, mimi ni mtu mtulivu. Bahati mbaya wakati uleule Mazembe walikuwa kwenye televisheni wakakosa goli la wazi, nikasema jambo moja, kidogo tu.

Basi hapo akafunga daftari. Akavua kofia (hajawahi kuvua kofia huyu!). Akavuta pumzi kama mchungaji kwenye matanga, akasema: "Papa, shida si imbwa. Shida ni weye."

Mama mkwe yuko pale. Sahani ya bukari, ugali wetu, magotini. Tonge liko katikati ya sahani na mdomo.

SHIDA NI WEYE.

Mimi ninayelisha watu tisa katika paseli hii! Mimi ndiye sifai mbwa, au mbwa ndiye hanifai mimi? Kondoo wanauzwa bila mahojiano. Mke nilipewa bila kitana. Na yule mama, mbele ya macho yangu, akatikisa kichwa taratibu: ndiyo.

Nimemaliza. Nasema paka imbwa, sikuomba uraia. Mtu huyu asikanyage tena Kampemba.

Mkaka_wa_Mwanza
Samahani ndugu, mimi niko Tanzania, nimesoma mara mbili. Ni paka au ni mbwa?

KijanaWaKatuba
@Mkaka_wa_Mwanza huku kwetu "paka" maana yake ni "tu." Anasema "mbwa tu." Paka anaitwa pusi. Kaa hapo usome paka vile 😂

Mkaka_wa_Mwanza
Paka vile??

Mama_Kapenta
Mimi nimekwama kwa jina. Labra-DUDU. Papa unaleta dudu ndani ya nyumba yenye watoto, na umeweka pesa tangu Krismasi? Huku kwetu dudu tunapulizia dawa.

KijanaWaKatuba
Mnacheka lakini mtu alimwambia ukweli. Alimuuliza "unapandisha sauti?", jibu likaja lenyewe kupitia televisheni 😂😂

Dokta_wa_Mbuzi
Nilisoma udaktari wa mifugo UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, niseme moja tu halafu niondoke. Papa, hiyo habari ya chafya umeuziwa na mtaa. Kinachomfanya mke wako apige chafya kiko kwenye mate ya mbwa na magamba madogo ya ngozi yake, hata kwenye mkojo. Manyoya yanabeba tu. Mbwa anayepukutisha kidogo atakupunguzia kufagia. Chafya hakuna anayeweza kukuahidi. Tena kwa mchanganyiko hata manyoya ni bahati nasibu: tumbo moja, mmoja atatoka na nywele za kusokota kama mama yake kanishi, mwingine atapukutisha kama labrado mzima. Ungemwacha mke wako akae na yule mtoto wa mbwa mwenyewe, saa kadhaa, siku mbili tatu tofauti, kabla ya kutoa hata dola.

Papa_Mapacha_Lushi
Dokta asante, lakini hukujibu swali. Je, ni HAKI mtu kuniambia hivyo mbele ya mama mkwe?

Dokta_wa_Mbuzi
Hilo si la mifugo.

Mzee_wa_Reli
Vijana hamjui mlipotoka. Huyo labradudu alitengenezwa Australia mwaka 1989 na mtu anaitwa Wally Conron, aliyekuwa anafuga mbwa wa kuongoza vipofu. Kulikuwa na mama mmoja kipofu, Hawaii, mume wake hawezi kukaa na manyoya ya mbwa. Conron akachanganya kanishi mkubwa na labrado, wakazaliwa watatu. Sasa sikiliza, Papa: kati ya hao watatu, ni mmoja tu ambaye yule mume aliweza kukaa naye. Mmoja! Na wale wawili waliobaki, watu waliokuwa wanasubiri mbwa hawakuwataka, eti ni machotara. Akawapa jina jipya, labradudu, simu zikaanza kulia bila kukoma. Jina tu lilifanya kazi. Uzeeni alisema hadharani kwamba anajuta. Kama aliyewaanzisha anajuta, wewe unalia nini kunyimwa?

Papa_Mapacha_Lushi
Mzee, shikamoo. Silii kunyimwa. Nalia KUAMBIWA. Angesema "mbwa wameisha" ningeelewa. Angesema "bei imepanda" ningemshukuru. Lakini kuvua kofia kwanza!

Mama_Kapenta
Kofia ndiyo imekuuma zaidi naona.

Papa_Mapacha_Lushi
Ulikuwa ni msiba mama. Alivua kama maiti iko mezani.

Shemeji_Mdogo
Ngoja. Nilikuwa nimenyamaza kwa heshima, lakini shemeji umeandika uongo mpaka simu yangu imepata moto. Mi nilikuwa pale, nilikaa karibu na dirisha. Haukusema "jambo moja kidogo tu." Uliruka juu, ukapiga meza teke, munkoyo yote ikamwagika, ukamwita mshambuliaji jina ambalo siwezi kuandika hapa. Na haujaambia batu kama yule bwana alikujaka na imbwa mudogo ndani ya kikapu. Ile imbwa ilitoka mbio ikaingia chini ya kitenge ya mama. Ikakaa mule, inatetemeka. Yule bwana anaita, haitoki. Weye unaita, inajikojolea. Mama akaanza kuichana na vidole, pole pole, vile anasukaka bateja bake. Ikalala.

NJO PALE alivua kofia. Alimvulia mama.

KijanaWaKatuba
😭😭😭😭 ALIMVULIA MAMA

Mkaka_wa_Mwanza
Hapa nimeelewa kila neno.

Papa_Mapacha_Lushi
Shemeji, mambo ya familia hayaletwi hapa.

Shemeji_Mdogo
Weye njo ulileta. Na mama hakutikisa kichwa tu. Alisema: "Ata miye nilisemaka vile, siku ya mahari."

Mama_Kapenta
Nimeangusha sahani. Naomba mtu anisaidie, nimeangusha sahani.

Mzee_wa_Reli
Huyo mama ni msusi?

Shemeji_Mdogo
Miaka 30, Mzee. Yuko nyumbani kutwa, kiti chini ya mwembe, kitana mkononi, bateja banakuja banatoka, hakuna kelele ila redio ya kwaya. Yule bwana atapita kwake Jumapili. Si labradudu tena. Anamletea ingine ndogo, mchanganyiko wa kanishi na koka, haizidi goti.

Dokta_wa_Mbuzi
Nilisema naondoka, narudi kwa dakika moja. Huyo mama anamfaa. Hata hivyo asidanganyike na udogo wake. Kanishi ni mbwa wa maji wa wawindaji, hata jina lake la Kifaransa limetoka kwa bata. Labrado naye kazi yake ilikuwa kurudisha bata aliyepigwa. Koka hivyo hivyo, mwindaji wa ndege. Ukichanganya hao hupati mto wa kochi. Anahitaji kutembezwa kila siku, na akili yake ikikosa kazi ataitafuta mwenyewe, kwenye viatu vyako. Masikio yakaguliwe, nywele zinaota mpaka ndani, na kipindi cha mvua unyevu ukikaa humo yanaoza. Na chanjo ya kichaa cha mbwa kabla ya yote.

KijanaWaKatuba
Na hili vumbi jekundu la Agosti? Mbwa mweupe mwenye nywele za kusokota, hapa Lushi? Wiki ya kwanza atakuwa rangi ya tofali.

Mama_Kapenta
Mnazungumza mbwa mmoja aliyemkataa mtu. Mimi jirani yangu ana jogoo anayewika saa nane ya usiku. SAA NANE. Nilienda kulalamika, akaniambia jogoo anafuata saa ya Kinshasa.

KijanaWaKatuba
Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja, mama. Angefuata saa ya Kinshasa angechelewa.

Mama_Kapenta
Njo maana nasema nimetukanwa!!

Bibi_arusi_2
Jogoo ni nafuu. Mimi nimempa fundi wa kushona yadi 6 za kitenge kwa ajili ya arusi ya mdogo wangu, Jumamosi hii. Leo nimeenda kujaribu. Mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi. Namwambia fundi, mikono haifanani. Anajibu: "Mama, simama vizuri, ni bega lako."

Mama_Kapenta
Ni bega lako 😭 huyo na muuza mbwa walisoma darasa moja.

Mzee_wa_Reli
Huyo fundi namjua. Aliwahi kunishonea koti, mfuko akauweka ndani ya mfuko.

Shemeji_Mdogo
Yule wa pale karibu na soko, mwenye mita shingoni na hajawahi kupima muntu?

Bibi_arusi_2
HUYO!! Anaangalia tu kwa jicho. Anasema ana kipimo kichwani.

KijanaWaKatuba
Nilimpelekea shati Januari. Alinirudishia shati la mtu mwingine, tena akanidai shukrani kwa sababu limepigwa pasi.

Papa_Mapacha_Lushi
Jamani, tuheshimiane, huu uzi ni wangu. Tulikuwa kwenye kofia.

Bibi_arusi_2
Papa kofia tumeshaizika. Arusi ni Jumamosi. Nani anajua fundi mwingine anayeweza kurekebisha mkono kwa siku tatu?

Mama_Kapenta
Yuko mama mmoja Kamalondo, ila anachaji dola kama anashona bendera ya taifa.

Papa_Mapacha_Lushi
Ngojeni kwanza. Fundi wa karibu na soko, mwenye mita shingoni... ana cherehani ya kijani?

Bibi_arusi_2
Ndiyo, ya kijani.

Papa_Mapacha_Lushi
Ana suruali yangu tangu Pasaka.