Gereji au VETA: kijana wa ufundi magari aanzie wapi?

Wakuu, nina msimamo, nipingeni. Kijana anayetaka ufundi magari aanzie gereji ya mtaani, VETA, yaani chuo cha ufundi stadi cha serikali, ije baadaye. Gereji kila gari linaingia na ugonjwa wake. Injini ya kufundishia chuoni imeshafunguliwa na kila kundi, ubovu wake unajulikana.

Ila gereji nyingi nazo hazifundishi. Dogo anashika spana na kuosha vipuri, miaka inapita. Mwambie ashushe gia boksi, anaishusha haraka kweli. Mletee Toyota IST inayomisi, injini inakatakata: anabadilisha plagi, haiponi, anabadilisha koili, haiponi, anampigia bosi simu. Ada ya somo hilo kailipa mwenye gari.

Watu hupenda kutaja zile saa elfu kumi, kwamba ukizifikisha kwenye kazi unakuwa bingwa. Utafiti wanaouegemea, wa mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake mwaka 1993 kwa wapiga fidla wa Berlin, haukusema ukirudia tu utaiva. Ulisisitiza mazoezi ya makusudi, yanayolenga udhaifu wa mtu na kusahihishwa. Kwa hiyo kabla spana haijagusa kitu, dogo asikilize injini, ataje ugonjwa na sababu yake. Akikosea, aelezwe palepale.

— Mkuu, wewe umewahi kuwa na mteja amekusimamia kichwani? Nikimwacha dogo akisie, gari linahamia kwa jirani. Tena akiiva anafungua gereji yake mtaa wa pili na kuondoka na wateja wangu. Mwalimu wa VETA analipwa kufundisha, mimi nalipwa gari likitoka.

— Mbona mnausahau uanagenzi? VETA wanao: kijana anagawa muda kati ya chuo na mahali pa kazi. Gereji za mtaani ziingizwe humo, fundi alipwe kwa kila mwanagenzi.

— Alipwe na nani? Mzazi? Wengi wamempeleka mtoto gereji kwa sababu ada ya chuo imewashinda.

— Mimi mwenye mada: hapo kwa fundi nimekwama, nakiri hoja ni nzito. Lakini VETA hao hao huwapima mafundi wa mtaani na kuwapa cheti bila kuwarudisha darasani. Kipimo hicho kibane kwenye kutafuta ugonjwa: gari bovu, fundi, na hakuna kubadilisha kifaa mpaka aeleze kwa nini. Wanaotaka cheti watalazimika kujifunza hivyo, bosi apende asipende. Waliopimwa, hebu semeni mliulizwa nini.