Mtoto kazaliwa na nusu ya moyo, kwa nini oparesheni 3 na sio moja?

mama_kichanga: Habari zenu wakuu. Mwanangu ana siku 6, eko (ultrasound ya moyo) imeonyesha upande wa kushoto wa moyo haukukua, yuko ICU na dripu ya prostaglandini. Daktari kanichorea kwenye karatasi, mara Norwood mara Glenn mara Fontan, mi nikaitikia tu kumbe sijaelewa kitu. Kwa nini wasimfungue mara moja wakamaliza?

nesi_wa_zamu: Pole sana mama. Shida ni mapafu. Mwisho wa safari yote hii ni kwamba damu inayorudi kutoka mwilini iingie mapafuni yenyewe bila kusukumwa na moyo, na mapafu ya kichanga presha yake bado iko juu, damu haipiti. So kwanza Norwood, chumba cha kulia kinapewa kazi ya kusukuma damu mwili mzima na wanaweka kamrija ka kupeleka kiasi mapafuni. Miezi 4 hadi 6 hivi mapafu yameshalegea, wanaunganisha mshipa unaotoka kichwani na mikononi moja kwa moja na mapafu, ndo Glenn. Fontan ni hivyo hivyo kwa mshipa unaotoka sehemu ya chini ya mwili, miaka 2 hadi 4. Hiyo dripu saa hizi inazuia mshipa aliokuwa anautumia akiwa tumboni mwako usijifunge, wasiiguse mpaka siku ya oparesheni.

baba_j: Wetu kamaliza zote 3. Pagumu ni nyumbani kati ya ya kwanza na ya pili, kila asubuhi mizani, bila nepi, kabla hajanyonya, unaandika kwenye daftari. Na usiku wa kwanza kipimo cha oksijeni kikasoma 78 nikamuamsha mke wangu tukimbie hospitali, kumbe baada ya Norwood 75 hadi 85 ndo kawaida yao 😅 Ila akigoma kunyonya au uzito ukisimama, usingoje kliniki, piga simu.

mama_kichanga: Asanteni jamani. So ya 3 ikiisha kapona?

nesi_wa_zamu: Hapana mama, sikudanganyi. Chumba cha kusukuma kinabaki kimoja, kliniki ni maisha yote, ini nalo huwa linasumbuka na wengine baadaye huhitaji kupandikizwa moyo. Ila daktari Fontan mwenyewe, aliyeipa oparesheni jina, alianza 1968, na leo wapo watu wazima wanaoishi na hiyo oparesheni.

mama_kichanga: Sawa. Kesho namwambia daktari achore tena, safari hii kalamu nashika mimi.