Tupeane uzoefu: siku uliyogundua unachojua ni cha juu juu, au uliposhindwa kumwelewesha mtu

Nianze na aibu yangu. Mpwa wangu wa miaka tisa aliniuliza kwa nini kuna majira ya joto na baridi. Nikajibu bila kufikiri: dunia ikisogea karibu na jua, joto; ikienda mbali, baridi. Akanyamaza kidogo, kisha: "Mbona huku kukiwa joto, upande wa pili wa dunia ni baridi? Si dunia ni hiyohiyo?" Nilikohoa. Baadaye nikasoma kwamba dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, wakati kaskazini watu wanatetemeka. Sababu ni mhimili wa dunia, umeinama kama nyuzi 23.5, hivyo upande ulioinamia jua hupata joto na wa pili baridi. Miaka yote nilijiona najua! Leteni yenu.

---

Umenikumbusha baiskeli. Mwaka 2006 mtafiti wa Uingereza, Rebecca Lawson, aliwataka watu wachore baiskeli, na wengi walikosea, hata wanaoiendesha. Nikacheka, nikachukua kalamu. Mnyororo wangu niliufunga kwenye magurudumu yote mawili. Fundi mmoja akautazama mchoro, akaniuliza, "Hii utaikataje kona?" Naendesha baiskeli tangu utotoni, jamani.

---

Mimi ni muuguzi. Kuna mzee, dereva wa lori, alikuwa akiacha dawa za presha kila akijisikia nafuu. Nilimweleza kitaalamu: ni ugonjwa sugu, unadhibitiwa, hauponi. Akaitikia kwa kichwa vizuri kabisa. Miezi miwili baadaye karudi, presha iko juu vilevile. Nikakasirika, nikamwita mkaidi (moyoni, lakini nadhani alisikia). Akaniambia kwa upole, "Binti yangu, dawa zote nilizowahi kunywa zilikuwa na mwisho. Hii ilifanya kazi, nikaona imekwisha."

Kumbe alikuwa na hoja, mimi ndiye sikumuuliza. Nikamwambia, "Mzee, ukiteremka mlima na mzigo, ukaona lori limetulia, unaachia breki?"

"Si nitakufa!"

"Basi hicho kidonge ni breki."

Tangu siku hiyo haachi, na amewaambia madereva wenzake. Nilisoma miaka mitatu, hakuna aliyenifundisha kumuuliza mgonjwa anafanya kazi gani.

---

Muuguzi, hongera, ila mifano nayo huuma. Niko duka la dawa. Nilikuwa nawaambia watu antibayotiki "inaua wadudu". Rahisi, inaeleweka. Akaja mama, mtoto ana mafua, anataka antibayotiki. Nikamwambia mafua ni virusi, haitasaidia. Akauliza, "Virusi si wadudu?" Nifanyeje sasa? Neno nimempa mwenyewe! Bakteria wadudu, virusi wadudu, minyoo wadudu, wote kapu moja. Nilihangaika nusu saa na foleni ikaanza kunung'unika. Aliondoka akiamini namnyima dawa, na sina uhakika kama hakuinunua kwingine. Siku hizi nasema "hii ni ya bakteria tu", hata kama neno ni gumu. Afadhali aniulize bakteria ni nini.

---

Mimi sina kisa kirefu. Mwaka 1990 huko Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mtafiti Elizabeth Newton aliwapa watu kazi ya kugonga mezani mdundo wa nyimbo maarufu, wenzao wabashiri ni wimbo gani. Wagongaji walidhani nusu zitatambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilitambuliwa 3. Ukigonga, wimbo mzima unaimba kichwani mwako. Mwenzako anasikia ngo-ngo-ngo tu. Nimejaribu kwa mke wangu na wimbo wa taifa. Akauliza kama napigilia msumari.

---

Mleta mada narudi. Nimemwita mpwa wangu, chungwa nimelichoma kijiti katikati, nikaliinamisha na kulipitisha kuizunguka taa, kijiti kikielekea upande uleule muda wote. Akaelewa kabla sijamaliza mzunguko. Kisha: "Na mwezi, mbona mchana mwingine unaonekana?"

Nimemwambia aende akalale.